Gari Lililokwisha Tumika: Litazame Kabla Halijawashwa

Ukiacha ujenzi wa nyumba, ni mambo machache yanayoweza kuimaliza akiba ya familia ya mfanyakazi kama ununuzi wa gari dogo lililokwisha tumika. Fedha yake hutokana na akiba ya miaka mingi, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha kazini, au kiinua mgongo cha mzee aliyestaafu. Si haki basi fedha hiyo ikabidhiwe kwa dalali katika muda wa nusu saa, mchana wa Jumamosi, kwa sababu tu rangi inang'aa na viti vinanukia marashi.

Leo sitazungumzia gari lipi ni bora kuliko lipi. Vitz, IST, Passo, Starlet, Demio na March zimejaa katika barabara zetu, na kila mwenye nalo hulisifia la kwake. Ninalotaka tulizingatie ni hili: gari dogo aghalabu haliuawi na umri, wala na wingi wa kilomita. Huuawa na joto. Na dalili za gari lililokwisha kuchemsha zaweza kuonwa hata na mtu asiyejua kushika spana, mradi afike mapema.

Fika asubuhi, na uwe umemwomba muuzaji asiliwashe gari kabla yako. Jambo la kwanza, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, gari limepashwa moto ili liwake kwa urahisi mbele yako. Aga kwa heshima, urudi siku nyingine. Ikiwa ni baridi, na ikiwa baridi tu, fungua kifuniko cha rejeta. Ndani yapasa uone maji yenye rangi, ya kijani, nyekundu au waridi, yaani yale yenye dawa ambayo mafundi huyaita kulanti. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, kama chai ya mkandaa, fahamu kwamba gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba au ya kisima kwa muda mrefu. Ukiona mafuta yanaelea juu yake, usiendelee kupoteza wakati wako. Fungua pia kifuniko cha oili, ukitazame kwa ndani: utando mweupe mzito kama mtindi maana yake ni kuwa yaelekea maji na oili vimekwisha kukutana, na aghalabu hukutana pale gasketi ya silinda hedi inapoungua.

Sasa gari liwashwe. Mengi ya magari haya madogo hayana mshale wa kuonyesha joto. Badala yake yana taa mbili: ya buluu, inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu, inayowaka joto likizidi. Taa ya buluu yapasa izimike yenyewe baada ya dakika chache za mwendo. Ikikawia mno kuzimika, au ikiwaka tena ukiwa katika mwendo wa kasi barabarani, muulize muuzaji, bila ya kuzunguka, nani aliyeitoa themostati.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ni jambo linalonikera. Themostati ni kivalvu kidogo kinachokaa katika njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi hufunga, ili ipate joto upesi. Maji yakifika kiasi cha nyuzi 80 na kitu hufunguka, yakapita kwenda kwenye rejeta. Gari likianza kuchemsha, fundi wengi wa mitaani hukitoa na kukitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto, hakihitajiki. Mwenye gari hufurahi, kwa kuwa kwa wiki kadhaa gari halichemshi. Lakini ugonjwa haukuponywa, umefichwa. Rejeta iliyoziba imebaki imeziba, feni isiyozunguka imebaki haizunguki. Pamoja na hayo, injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyokusudiwa, na hivyo hula petroli zaidi na kulika upesi zaidi. Siku ya foleni ndefu, kiyoyozi kimewashwa na watoto wamo ndani, ugonjwa hujitokeza tena, na safari hii huondoka na silinda hedi.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wetu. Wasomaji wenye umri watakumbuka miaka ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu na magari ya binafsi yakikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Ni ubunifu wa mafundi hao uliofanya magari yaendelee kutembea. Lakini magari yenyewe yalikuwa mengine. Volkswagen ya kobe haikuwa na rejeta kabisa, ilipozwa kwa hewa. Land Rover ya zamani injini yake ilikuwa ya chuma kizito, iliyoweza kuvumilia mengi. Injini ya IST ni ya aluminiamu, nyepesi na yenye kubana mafuta, lakini ikichemshwa mara moja tu kwa ukali, silinda hedi hupinda. Ujuzi uliofaa kule waweza kuua huku.

Kuhusu kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, usizitegemee sana, hupunguzwa. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani, na kiti cha dereva. Tazama pia vibandiko vya kubadilishia oili ambavyo mafundi wa Japani hubandika kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, kwani muuzaji mara nyingi husahau kuvibandua. Mwaka ulioandikwa huko waweza kuwa wa hesabu ya Kijapani. Wakati wa mfalme aliyetangulia, mwaka wa 1 ulikuwa 1989, kwa hiyo ukiona 20 jumlisha 1988, upate 2008. Hesabu ya sasa ilianza mwaka 2019, nayo hujumlishwa 2018. Kibandiko kinachosema kilomita 90,000 mwaka huo 2008, juu ya gari ambalo dashibodi yake leo inasoma 70,000, hakihitaji maelezo.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukiwa na mstari wa tope au harufu ya uvundo, gari hilo limewahi kuingia mafurikoni. Tairi nazo zina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini umri wa miaka kumi si tairi ya kumpeleka mama mkwe Morogoro.

Fundi wa kukusindikiza mtafute mwenyewe, umlipe mwenyewe, na umlipe vizuri. Fundi aliyeletwa na dalali atalipwa na dalali, na wewe ndiwe utakayekilipia cha juu chake. Kisha msiitumie fedha yote katika bei. Mimi napendekeza baba na mama wa nyumba wakubaliane mapema kuweka kando sehemu moja ya kumi ya fedha waliyonayo, isiguswe wakati wa kupatana. Hiyo ni ya wiki ya kwanza: oili mpya na kichujio chake, kulanti mpya, themostati mpya ikiwa ya zamani ilitolewa, kifuniko cha rejeta, na breki. Kifuniko kisidharauliwe. Springi yake ndiyo inayobana shinikizo hata maji yasichemke kwenye nyuzi 100, na gari ambalo kifuniko chake kimefungiwa kipande cha mfuko wa nailoni limekwisha kupoteza kinga hiyo.

Kwa mwendo wa mjini, badilisha oili kila kilomita 5,000, maana katika foleni ya Buguruni au ya Mbagala gurudumu husimama lakini injini inazunguka. Oili ya gia boksi iwe ile iliyotajwa kwa gari lako. Gia boksi ya mkanda, ambayo baadhi ya Vitz zinayo, haitumii oili moja na ile ya kawaida, na anayekuambia zote ni sawa hatakuwapo siku itakapogoma. Starlet hutumia mkanda wa ndani wa injini, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 au kabla. Ikiwa hakuna ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa. IST ina cheni, haina shughuli hiyo. Katika rejeta usitie maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi. Kulanti ikikosekana njiani, maji ya chupa ya kunywa ni afadhali, mpaka ufike nyumbani.

Na siku taa nyekundu ikiwaka, popote ulipo, hata kama nyumbani ni mita 500 tu, zima kiyoyozi, ondoka barabarani, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta, maana mvuke wake huunguza uso na mikono. Usimwagie injini maji baridi. Subiri kwa muda wa nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuigusa rejeta kwa mkono, kisha ndipo ufungue polepole kwa kitambaa, uongeze maji. Mweleze hayo kila anayeliendesha gari hilo, na kijana wa nyumbani anayeazimwa funguo siku za Jumapili awe wa kwanza.