Nyota Mbadhirifu na Taa ya Uani

Wiki hii, wasomaji wangu, nitasimulia ugomvi mdogo uliozuka nyumbani kwetu Nagongera, mwezi wa Mei, kwa ajili ya nyota.

Nyota yenyewe wataalamu huiita Eta Carinae. Uzito wake hukisiwa kuwa kama majua 100 kama letu, nayo huteketeza akiba yake kama mrithi mbadhirifu. Jua letu limekwisha kuwaka miaka bilioni 4 na nusu, na bado. Nyota ya namna hii huishi miaka milioni chache tu, kisha hupasuka. Mwaka 1843 ilifoka hata ikawa ya pili kwa kung'aa mbinguni, kisha ikafifia. Imezungukwa na wingu kubwa la gesi, ambalo Mfaransa Lacaille aliliandika mwaka 1752. Ilimlazimu kwenda Rasi ya Tumaini Jema, kwani kwao Paris halichomozi kamwe. Sisi hulitazama tukiwa uani, upande wa kusini, yapata saa tatu usiku, kuume kwa Msalaba wa Kusini, umbali wa ngumi moja na nusu ya mkono ulionyoshwa.

Niliazima kamera, nikaiweka juu ya kigoda. Picha ya kwanza, ya dakika nzima, ilitoa michirizi, maana dunia huzunguka wala haimngojei mpiga picha. Ya pili niliifupisha, ikaharibiwa na taa ya uani. Nikaomba izimwe.

"Baba watoto," mwenzangu akanijibu, "wezi wa kuku nao hulipenda giza."

Hakukosea, mwezi uliotangulia tulipoteza majogoo wawili.

Tukapatana. Nilikata kopo la bati, nikaivika taa mithili ya kofia, mwanga ukaanguka mlangoni na bandani tu. Kisha nikapiga picha 60, za sekunde 10 kila moja, nikaziunganisha kwa kompyuta. Wingu ambalo macho huliona kama moshi hafifu likatokea jekundu, rangi ya haidrojeni inayong'arishwa na nyota zilizomo. Binti yetu akauliza kama nyota ile ingali hai. Nikamjibu kwamba mwanga ule ulianza safari miaka ipatayo 7,500 iliyopita. Huenda imekwisha pasuka, nasi habari haijatufikia.

Nyota hatuwezi kuizuia isife, bali giza la kuionea limo mikononi mwetu. Umeme unaingia vijijini, nasi twaushangilia. Basi kila afungaye taa aielekeze chini. Kuku watalindwa, na watoto hawatanyimwa mbingu yao.