Onyo kuhusu dawa lafaa kumfikia muuguzi kabla ya mgonjwa

MNAMO Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu iliagiza bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, iondolewe madukani kote nchini. Wadhibiti wa dawa wa Nigeria walikuwa wametangaza kwamba vipimo vyao vilionyesha kiwango kikubwa cha diethilini glikoli, kemikali ya viwandani inayoharibu figo. Baadaye kampuni inayomiliki dawa hiyo ilisema vipimo vyake haviku­gundua kemikali hiyo. Hata hivyo, tahadhari ilistahili. Mwaka wa 2022, watoto wapatao 70 walifariki nchini Gambia katika mkasa uliohusishwa na dawa za maji zilizokuwa na sumu ya aina hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halikuzungumziwa sana wakati huo. Bechi hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini Mei 2021, na muda wake wa matumizi ulikuwa ukikamilika mwezi uo huo wa Aprili 2024. Yamkini chupa nyingi zilikuwa zimekwisha kunywewa. Zilizosalia zilikuwa rafuni, na mtu wa kuzitoa hapo si waziri wala mkurugenzi bali ni muuguzi wa zahanati, tabibu au mfamasia wa duka la mtaani. Je, huyo aliarifiwa na nani?

Kwa wengi, bila shaka, habari zilifika kama zilivyomfikia mwananchi mwingine yeyote: kupitia redio, au picha ya tangazo iliyorushwa katika kundi la WhatsApp, katikati ya salamu za asubuhi na michango ya harusi. Njia rasmi ni ndefu. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013, waraka kutoka Nairobi hauna budi kupitia serikali za kaunti 47, kisha ofisi za kaunti ndogo, kabla ya kubandikwa ubaoni katika kituo cha mashinani. Kila meza unapotua ni siku nyingine ya kusubiri.

Kwingineko wataalamu wa afya wamewahi kuulizwa wangependa kuarifiwa vipi. Matokeo ya utafiti uliohusisha madaktari na wafamasia zaidi ya 3,000 katika nchi tisa za Ulaya yalichapishwa mwaka wa 2018. Barua zinazotumwa moja kwa moja kwa wahudumu ndizo zilizofahamika zaidi kwao. Wengi walitaka kuarifiwa kwa baruapepe, na kuyaona maonyo hayo yakiingizwa katika miongozo ya tiba na vitabu vya dawa wanavyovitumia kila siku.

Si busara kuyabeba matokeo hayo jinsi yalivyo hadi Lodwar au Garissa. Muuguzi anayehudumia wagonjwa peke yake tangu alfajiri hana nafasi ya kufungua baruapepe. Lakini kiini chake ni kile kile. Mhudumu anataka habari zitoke kwa mamlaka anayoiamini, zimfikie yeye mwenyewe, na ziwepo pale anapoandika au kutoa dawa.

Aidha, ujumbe wenyewe lazima useme la kufanya. Hapa tuna funzo la karibu. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegravir, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, mwaka wa 2017. Mei 2018 onyo likatolewa ulimwenguni. Nchini Botswana, miongoni mwa wanawake 426 waliokuwa wakiitumia tangu waliposhika mimba, wanne walizaa watoto wenye kasoro za ubongo au uti wa mgongo. Kenya, sawa na mataifa mengine, ikawawekea vikwazo wanawake wenye umri wa kuzaa.

Miezi miwili baadaye, wanawake 39 wanaoishi na virusi kutoka mataifa 18 ya Afrika walikutana Kigali na kulalamika. Walisema kumnyima kila mwanamke dawa bora kwa sababu huenda siku moja akashika mimba si haki, na kwamba waelezwe hatari ilivyo ndipo wajiamulie. Kufikia Julai 2019, hesabu ya Botswana ilikuwa watoto watano kati ya akina mama 1,683, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote.

Tafakari sasa hali ya mhudumu wa kliniki katika kipindi hicho. Mwaka mmoja anahimizwa kuitoa dawa, mwaka unaofuata anazuiwa, halafu anaambiwa aitoe tena. Mwanamke aliye mbele yake anauliza sababu. Ikiwa waraka alionao una neno "marufuku" pasipo hizo nambari, atajibu nini? Tukumbuke kuwa anayepoteza imani na maelezo ya kliniki anaweza kuacha dawa kabisa.

Kosa la kuonya kupita kiasi nalo lipo. Katika hospitali za ng'ambo ambako kompyuta humwonya daktari anapoandika dawa, uchanganuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa madaktari walipuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo hayo. Simu inayolia kutwa huishia kuzimwa.

Upande mwingine wa suala hili ni habari zinazotoka mashinani kwenda juu. Kenya ilijiunga mwaka wa 2010 na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Muuguzi anayo fomu ya manjano ya kuripoti madhara, na ya waridi kwa dawa zenye ubora wa kutiliwa shaka. Siku hizi anaweza kuripoti kwa njia ya kielektroniki. Anayetumiwa jibu, hata la sentensi mbili, kwamba ripoti yake ilisomwa na hatua fulani ikachukuliwa, ataripoti tena. Asiyejibiwa ataona anajaza karatasi za bure.

Nyenzo hazikosekani. Mabaraza yanayowapa leseni wauguzi, matabibu na madaktari huweka sajili zao. Shirika la KEMSA, linalosambaza dawa katika hospitali za umma, linajua ni kituo kipi kilipokea shehena ipi, hivyo onyo kuhusu bechi fulani linaweza kufuata njia iliyofuatwa na dawa yenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi Septemba 2023 wakiwa na simu za kazi. Ujumbe mfupi wenye jina la dawa, nambari ya bechi, hatua ya kuchukua na nambari ya kupiga hauhitaji mtambo mpya. Unachohitaji ni Wizara ya Afya, bodi na kaunti kukubaliana nani atautuma, kwa bajeti ya nani, na nani atapokea simu muuguzi akipiga usiku.