Pikipiki za Masasi na Newala zinasubiri korosho

Jamani, tusimlaumu bure muuza pikipiki wa Masasi na Newala. Mteja wake ni mkulima, na mkulima ni korosho. Minada ikianza Oktoba, hela ikishapita MAMCU au TANECU, ndipo Boxer na TVS zinatoka dukani. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, lakini wakulima wengi walisubiri malipo hadi 2019. Muuzaji aliyelipia mzigo Dar mapema afanyeje hapo? Kiwanda kiko India, hakijui msimu wetu, kimeshauza. Hasara inabaki Newala. Waagizaji wawakopeshe mawakala mzigo, walipwe baada ya mnada. Faida tugawane, na hasara je? Wadau mnasemaje?