Tujaze Mkutano Mkuu wa Kijiji



Kila mwaka, mwezi Machi unapoisha, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake. Muda mfupi baadaye zinawekwa mezani bungeni. Magazeti yanazianika, redio zinazijadili, na vijiweni tunatajiana mabilioni yaliyolipwa bila viambatisho na makusanyo ya halmashauri yaliyopita kwenye mashine za POS yasifike benki. Tunasikitika, tunalaani, tunataka watu wafungwe. Mvua za masika zikikatika, tumeshanyamaza, tunasubiri Machi nyingine.

Naandika kuwaomba Watanzania wenzangu tubadili mahali tunapoanzia. Hasira yetu ni ya haki, lakini tunaipeleka mbali, kwenye vikao ambavyo sauti ya mkulima wa Masasi au mfugaji wa Simanjiro haifiki, huku tukiacha wazi kikao ambacho sheria imempa mkulima huyo na mfugaji huyo mamlaka kamili. Kikao hicho ni mkutano mkuu wa kijiji.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 iko wazi. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu. Hahitaji kadi ya chama, hahitaji kualikwa, hahitaji cheti cha shule. Mkutano huo unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na ndio wenye kauli ya juu katika mambo yote ya jumla ya kijiji. Halmashauri ya kijiji iko chini yake, na mwenyekiti yuko chini yake. Sheria hiyohiyo inaupa mamlaka ya kuichagua halmashauri ya kijiji na ya kuwaondoa wajumbe wake, mmoja au wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ikaongeza ulinzi mwingine: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia.

Tuupime uzito wa jambo hili. Mbunge ukimchoka, huna la kufanya ila kusubiri uchaguzi. Waziri humchagui wewe wala humwondoi wewe. Lakini kiongozi aliyekalia fedha ya kisima chenu anaweza kuulizwa robo hii, mbele ya majirani zake, na asipokuwa na jibu anaweza kuondolewa kwa utaratibu wa sheria. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Hakuna bunge, mahakama wala taasisi yenye macho mengi kiasi hicho.

Sasa tuseme ukweli kuhusu tunavyoitumia nguvu hii. Fika kwenye ofisi ya kijiji, simama mbele ya ubao wa matangazo. Mara nyingi utakuta tangazo la chanjo lililopauka, orodha ya majina ya kaya za TASAF, na picha ya mgombea wa uchaguzi uliopita. Karatasi ya mapato na matumizi ya robo mwaka, ambayo utaratibu unataka ibandikwe pale na isomwe mkutanoni, haipo. Au ipo ya mwaka juzi, na nusu ya fedha imeandikwa "matumizi mengineyo". Mkutano wenyewe ukiitishwa, wanafika wachache. Ajenda ya fedha inawekwa mwisho, jua likiwa linazama na kina mama wameshaondoka kwenda kupika. Kisha muhtasari unaandikwa kwamba wananchi walipokea taarifa na kuridhia. Nani alisema ndiyo? Sisi ambao hatukuwepo ndio tuliosema ndiyo.

Wengine watasema kijijini hakuna fedha ya kugombania. Zipo, tena nyingi kuliko tunavyodhani. Kati ya mwaka 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Kazi hiyo ilifanyika kwa utaratibu tuliouzoea kwa jina la fosi akaunti: mafundi wa hapahapa, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zenye wananchi ndani yake. Maana yake ni kwamba lori la saruji linapofika, jirani yako ndiye anayehesabu mifuko. Yeye ndiye anayepima kama nondo iliyoshushwa ni ya milimita 12 iliyoandikwa kwenye karatasi au ni ya 10, na kama bati ni geji 28 au 30. Kisha anatia saini. Ripoti ya mkaguzi itakayokuja baada ya mwaka na zaidi inasimama juu ya saini hiyo. Jirani akisaini mifuko ambayo haikushuka, hata mkaguzi hodari ana kazi kubwa kuuona ukweli, kwa sababu karatasi zote zinakubaliana.

Ongeza ruzuku ya shule iliyoanza kupelekwa moja kwa moja shuleni tangu Januari 2016 ilipoanza elimu bila ada. Ongeza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ongeza fedha ya kila ndoo tunayolipia kwenye kituo cha kuchotea maji. Ongeza elfu mbili au elfu tano unayotoa ili barua yako ya utambulisho igongwe muhuri. Ulipewa stakabadhi?

Kwamba macho ya wananchi yanaokoa fedha si ndoto. Majirani zetu Uganda walilipima jambo hili. Utafiti uliofuatilia ruzuku ya shule za msingi katika miaka ya 1991 hadi 1995 ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha iliyotolewa kwa ajili ya mahitaji ya shule ndiyo ilifika shuleni. Nyingine ilipotelea wilayani. Serikali yao ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana baadaye kuhusu sehemu iliyotokana na matangazo na ile iliyotokana na mageuzi mengine ya usimamizi, na ni haki kulisema hilo. Lakini jambo la msingi linabaki palepale: mzazi asiyejua kiasi kilichotumwa hawezi kuuliza kiasi kilichopotea.

Tuna historia yetu pia, na ina somo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti makali kwa viongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kwa kile kilichoitwa Azimio la Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na hadi leo kiongozi anajaza tamko la mali na madeni kila mwisho wa mwaka na kulipeleka kwa Kamishna wa Maadili. Mimi naheshimu Azimio la Arusha na naamini waliolitunga walikuwa na nia njema. Hata hivyo, kilichopangwa na kikao cha juu kilikuja kulegezwa na kikao cha juu. Wananchi hatukuwa na mahali pa kulishikilia. Uadilifu ukikaa mikononi mwa wakubwa peke yao, wakubwa wakibadilika nao unaondoka.

Na tusikubali kuambiwa kwamba kuwajibika ni aibu. Katika miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Si yeye aliyewatesa watu wale, lakini wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 Watanzania walimpa urais. Februari 2008, Edward Lowassa aliachia uwaziri mkuu baada ya kamati ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Nchi haikuyumba. Iliona kwamba taarifa ikisomwa hadharani, hata kiti cha juu kinasikia.

Najua vikwazo. Kuna anayesema uchaguzi wenyewe wa serikali za mitaa una dosari, kwa hiyo mkutano una faida gani? Ni kweli kwamba chaguzi za mwaka 2019 na 2024 ziliacha malalamiko mazito, hasa ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa. Malalamiko hayo yanastahili majibu. Lakini ujumbe wako katika mkutano mkuu hautokani na kura wala na chama. Unatokana na umri wako na makazi yako. Ukiuacha kwa sababu uchaguzi umekuudhi, unawaachia waliokuudhi hata kile ambacho hawakuweza kukunyang'anya.

Kuna anayeogopa kuitwa mpinzani au mchochezi. Hofu hiyo si ya bure, na sitamwambia mtu ajitokeze peke yake. Ndiyo maana huu ni wito wa pamoja. Mtu mmoja akiuliza anaonekana ana ugomvi na mwenyekiti. Watu sabini wakiuliza swali lilelile, hilo ni swali la kijiji. Wanaouliza wawe wanachama wa vyama vyote, watu wa msikiti na wa kanisa, VICOBA na kikundi cha bodaboda. Fedha iliyopotea haikuchagua kadi.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tujue tarehe. Wananchi wachache waende ofisini kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, waulize kwa adabu mkutano ujao ni lini na ajenda ni zipi. Miezi mitatu ikipita bila mkutano, iandikwe barua yenye majina na saini za wengi, nakala kwa Mtendaji wa Kata na Mkurugenzi wa Halmashauri, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Pili, tudai saa inayowafaa watu wote. Mkutano wa jioni sana unawafukuza kina mama, nao ndio wanaojua pampu imelala siku ngapi na mtoto amepewa daftari au hakupewa.

Tatu, tuombe ajenda ya fedha iwe ya mwanzo, mara tu baada ya kusomwa muhtasari wa mkutano uliopita. Maswali yawe mafupi na yale yale kila robo: Tulipokea kiasi gani? Kutoka wapi? Kimetumika kwa kazi gani? Kimebaki kiasi gani? Stakabadhi ziko wapi? Tusimtukane mtu, tusimtuhumu kabla hajajibu. Kuuliza si kushitaki.

Nne, tuweke kumbukumbu zetu. Kijana mwenye simu apige picha ya karatasi ya mapato na matumizi kila inapobandikwa. Mwalimu mstaafu aweke daftari. Anayeteuliwa kwenye kamati ya mapokezi asikubali kusaini kwa ajili ya urafiki, nasi tusimwache peke yake anapokataa.

Tano, tukinyimwa taarifa, tutumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Maombi yanaandikwa, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Penye dalili za rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga ni bure.

Ndugu zetu mnaoishi mijini, msisome haya kama habari ya shamba. Mnao mkutano wa mtaa, na mnajua takataka zinalipiwa kiasi gani na gari linapita mara ngapi. Nanyi mlioko mbali na kijiji mlikozaliwa, mnaotuma michango ya zahanati na ya shule, kabla ya kutuma tena ombeni taarifa ya mchango uliopita.

Kwenu viongozi wa vijiji, wengi wenu mnafanya kazi hii bila mshahara, mnaamshwa usiku kwa kesi za mipaka na misiba. Wito huu si dhidi yenu. Hesabu iliyosomwa mbele ya watu wote ndiyo ngao ya kiongozi mwaminifu, kwa maana fitina hukua pale taarifa inapokosekana. Bandikeni, someni, ulizeni nani ana swali, na subirini jibu.

Diwani, mbunge na waziri wote wametoka kwenye kijiji au mtaa fulani. Aliyelelewa na watu wanaouliza ataingia Dodoma akijua kwamba fedha ina wenyewe. Aliyelelewa na watu wanaopiga makofi na kuondoka naye ataingia na alichofundishwa. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Ibara hizo mbili hukutana mahali ambapo mwananchi amesimama, kiongozi ameketi mbele yake, na karatasi ya hesabu iko mezani.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji chako ni lini? Kama unaijua tarehe, leo hii waambie jirani zako, mwende pamoja. Kama huijui, nenda kaulize kesho asubuhi, na usiende peke yako.