Maoni Yetu: Utafiti wa ulevi wetu tuulipie wenyewe

Miaka ya 2000 watafiti waliokuwa wakizungumza na wanawake wanaojidunga heroini Dar es Salaam walisikia jambo la kutisha. Mwanamke asiye na fedha ya kete alikuwa akipewa damu na mwenzake aliyetoka kujidunga. Naye aliidunga mwilini mwake, akiamini bado ina unga wa kutosha kumtuliza arosto. Mwaka 2005 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Hakuna mtaalamu wa Geneva ambaye angeotea kuuliza swali la namna hiyo. Lilipatikana maskani, kwa watu waliokwenda kukaa na kusikiliza.

Tafiti za miaka ile zikakuta kwamba kati ya wanaojidunga jijini, wanne katika kila kumi wanaishi na virusi vya UKIMWI. Februari 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto ya heroini, kliniki ya kwanza ya serikali ya aina hiyo katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoani. Waliokuwa wakiiba ili wapate kete wakaanza kupanga foleni asubuhi, wanywe dawa yao mbele ya nesi na kwenda kutafuta kibarua. Anayedai utafiti ni makaratasi tu akaitazame foleni hiyo.

Na kliniki nazo huzaa maswali. Mraibu mwenye kifua kikuu huanzishiwa dawa ambazo mojawapo ni rifampisini, na rifampisini hulifanya ini liivunje methadoni upesi kuliko kawaida. Dozi iliyomtosha mwezi uliopita sasa inamwacha na arosto kabla hakujakucha. Anarudi kijiweni, na nyumbani wanasema, si tulijua, hawa hawaponi. Nesi anayelifahamu jambo hilo humwambia daktari apandishe dozi. Hapo bado hatujagusa nauli: dawa inayonywewa kliniki kila siku ni daladala mbili au nne kila siku, kwa mtu asiye na kazi. Maswali haya ni ya kwetu, na tukiyaacha sisi hakuna wa kuyauliza.

Lakini tuseme ukweli kuhusu aliyelipa. Fedha za utafiti wa heroini zilikuja kwa sababu heroini ilikutana na UKIMWI kwenye ncha ya sindano, na wafadhili walikuwa na fungu la UKIMWI. Tunawashukuru. Matokeo yake ni kwamba mraibu wa sindano tunamjua kuliko jirani anayelewa kila siku kuanzia saa nne asubuhi, kuliko kijana aliyemaliza ada ya chuo kwenye mkeka wa kubeti, kuliko mama mwenye sonona anayetibiwa vidonda vya tumbo mwaka wa tatu sasa. Kwa idadi, hao ndio wengi. Shida yao haikuwa na mfadhili.

Palipofanyika kazi, imeonekana. Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti wa hapa na wenzao wa Marekani wametengeneza mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako: nesi anazungumza kwa muda mfupi na majeruhi aliyefikishwa hospitali akiwa amelewa, wakati kidonda bado kinauma na masikio yako wazi. Kabla ya hapo ilibidi dodoso la kimataifa la ulevi lihakikiwe kwa Kiswahili, na hiyo si kazi ya kukaa na kamusi. Dodoso hilo huuliza mtu hunywa vinywaji vingapi kwa siku. Chupa ya bia inahesabika. Kata ya mbege inayozunguka kwa watu watano, kila mmoja akipiga mafunda yake na kumpasia wa pembeni, utaihesabu vipi? Ukikosea hapo, takwimu zote zinazofuata zimepinda.

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Uamuzi ulikuwa mzuri. Ila kuujua uzuri wake kwa kipimo kunataka watu waliokwishahesabu kabla: majeruhi wangapi wa bodaboda hufikishwa wamelewa Ijumaa usiku, wangapi hunywa gongo. Hesabu ya namna hiyo huwezi kuianza siku ya marufuku, na huwezi kusubiri mpaka mfadhili aipende.

Siku hizi mfadhili mwenyewe hatabiriki. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini moja. Mei mwaka huo taasisi zake za taifa za utafiti wa afya zikasitisha utaratibu wa zamani wa kupitishia fedha kwa washirika walio nje ya nchi. Ni fedha zao, na wana haki ya kuzifungia. Aibu ni yetu, kwamba mlango ukifungwa Washington mtafiti wa Upanga hana pa kwenda.

Tutaambiwa wodi hazina dawa, halafu tunataka madodoso. Zimbabwe nayo haikuwa na kitu. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa akili nchini humo, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuyachambua nao matatizo yao moja baada ya jingine. Hakuishia kusifiwa. Alipima, katika zahanati 24 na wagonjwa 573, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yakaonyesha kuwa waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Utafiti ndio uliowaonyesha njia ya bei nafuu.

Kwa hiyo tunataka fungu, na tunajua pa kulitoa. Bia, pombe kali na michezo ya kubahatisha huingizia hazina fedha kila mwezi. Sehemu ya kodi ya kubeti tayari hupelekwa kwenye maendeleo ya michezo; basi nyingine, hata ndogo, na kipande cha ushuru wa pombe, viende Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na vyuo vyetu vya tiba kwa ajili ya utafiti wa akili na uraibu. Watengeneza pombe na kampuni za kubeti wasipewe kiti kwenye kamati itakayochagua maswali. Viti hivyo wapewe manesi wa kliniki za methadoni na waraibu waliopata nafuu, na kila ripoti itoke kwa Kiswahili ili nesi wa Temeke aisome. Tungeanza na kubeti, kwa sababu vibanda vinafunguliwa kila mtaa na wizara haina hata hesabu ya kuanzia. Bunge la bajeti hukaa Aprili.