Alama za Vidole za Mtu wa Zamu ya Usiku

Anayetafuta kazi ya ulinzi Nairobi huanzia kwenye tovuti ya eCitizen. Hujaza maombi ya cheti cha maadili mema, akalipa shilingi 1,050, akachapisha fomu ya C24, kisha akapanga foleni Huduma Centre au makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, Barabara ya Kiambu, achukuliwe alama za vidole. Halafu hungoja. Cheti hicho kikitoka, kinajibu swali moja tu: je, vidole hivi vina kosa katika kumbukumbu za polisi wa Kenya?

Swali hilo si baya. Anayekabidhiwa funguo za nyumba ya watu, au kuachwa peke yake usiku na mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, lazima achunguzwe. Sibishani na hilo. Ninachobishania ni anayebebeshwa gharama, na maana inayopewa jibu.

Cheti hudaiwa kabla mtu hajaonja mshahara. Soja, mpakiaji wa ghalani, mfagiaji wa hospitali, wote hutoa pesa mfukoni kwa kazi ambayo huenda wasiipate. Na zamu haingoji karatasi. Geti likikosa mtu leo usiku, msimamizi humwambia kijana aingie, karatasi zitafuata. Basi anafanya kibarua bila mkataba, funguo mkononi, wiki baada ya wiki. Cheti kikija na doa anatolewa, na hana maandishi ya kudaia siku alizofanya. Uchunguzi uliokusudiwa kulinda mali umefika baada ya mali kuwa mikononi mwake tayari. Umemlinda nani?

Lakini lenye kuniuma zaidi ni doa lenyewe linakotoka. Kanuni za Adhabu tulizoachiwa na Waingereza zilibeba makosa ya uzururaji, ya kuonekana mahali saa ambayo polisi haridhiki na maelezo yako. Ni nani huonekana barabarani saa tisa usiku? Ni anayetoka zamu, aliyekosa matatu, anayetembea kuelekea nyumbani Mukuru au Mlolongo. Akikamatwa, njia fupi ya kurudi kazini kabla hajafutwa ni kukiri, kulipa faini na kwenda zake. Amenunua siku moja ya kazi kwa hatia inayoweza kumsubiri kwenye cheti chake kijacho. Mfanyakazi wa ofisini, anayelala usiku, hapitii mtego huo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya aina hiyo. Waingereza wenyewe, tangu sheria yao ya 1974, wana utaratibu wa hukumu nyingi kuhesabika zimepitwa na wakati baada ya muda fulani, ili mwajiri wa kawaida asizitumie. Kazi nyeti, kama za kutunza watoto, zina uchunguzi mzito wa peke yake. Huko hupimwa kazi kwanza, halafu mtu.

Kwetu, afisa wa ajira hutazama kama cheti ni safi au si safi, basi. Hasomi kosa ni lipi wala la mwaka gani. Wizi wa kuvunja nyumba na kutembea usiku vinatoka na jibu moja. Na yale ambayo kazi ya zamu inayahitaji hasa, kama mtu hufika kwa wakati, hasinzii, hukabidhi daftari la matukio likiwa limejazwa, hayamo kwenye cheti chochote. Yanajulikana na msimamizi wake wa zamani, na simu kwake ni ya dakika tano.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa. Tuanzie hapo. Mwajiri atoe ahadi ya kazi kwa maandishi kwanza, kisha aombe cheti, na akilipie yeye. Zikitoka mfukoni mwake zile 1,050 kwa kila mwombaji, atajiuliza kama kweli anahitaji vidole vya mtu anayekuja kufagia ghala.