Kabla Uongeze Presha ya Turbo, Ulizia Kepu

Wasee, tuambiane ukweli. Kila wikendi kuna mtu anapost karatasi ya dyno akijigamba kuhusu nguvu za farasi. Komenti zinajaa moto. Hakuna anayeuliza: huko chini kumeshikwa na nini?

Beshte yangu ana Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE, iliyotoka kiwandani na farasi 280. Akaongeza presha ya turbo, akaweka injekta kubwa. Baada ya miezi minne, injini ikanoki. Fundi alipoifungua, pistoni zilikuwa fiti. Beringi za kranki ndizo zilikuwa zimelika, na pale kepu zinapokalia bloku kulikuwa na alama za kusuguana.

Kepu ni vile vipande vya chuma vinavyofungwa kwa bolti chini ya bloku ili kranki isitoke. 1JZ ina saba. Kila petroli ikiwaka, pistoni inasukuma kranki chini, na kepu ndizo zinakataa. Ukiongeza presha, msukumo unapanda. Ukizungusha injini mara mbili zaidi, nguvu ya pistoni na konrodi kurushwa huku na huku inapanda mara nne. Kepu ikianza kucheza hata kidogo, ule utando mwembamba wa oili unakatika, chuma kinakula chuma.

Wamarekani wanajua hii kitambo. V8 ndogo ya Chevrolet ilitengenezwa na kepu za bolti mbili, na nyingine za bolti nne. Zile za LS zina bolti sita kila kepu.

Lakini usikimbie kununua kepu ngumu mtandaoni. Ukizibadilisha, lazima matundu yote ya beringi yachongwe upya kwa mstari mmoja, la sivyo kranki itakwama. Hiyo ni kazi ya mashine, si ya spana.

Na wa Subaru, msicheke. Injini zenu za boksa hazina kepu. Kranki hubanwa katikati ya nusu mbili za bloku. Mtu akikuuzia "kepu za Subaru", toroka.

Msimamo wangu ni huu: doo ya kwanza iende chini, kwa kepu, bolti na oili. Kama huna, acha presha ya kiwanda. Afadhali gari ya farasi 280 inayoenda Naivasha na kurudi, kuliko ya 500 inayorudi kwa breakdown.